Neno la Dukani

Siku Pindo alipoingia dukani kwa Bi Mkubwa kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na saba, viatu vya kuazima, na mama aliyezikwa wiki tatu kabla. Alikuja kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia vipande vya vitambaa. Bi Mkubwa alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, futi shingoni, kipande cha chaki kati ya vidole. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu, akavua miwani, akasema, "Karibu, binti. Keti hapo upumue kwanza."

Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwambia akae. Shangazi zake walimwita "wewe", na kwenye maduka mengine aliyopita asubuhi ile walimwita "msichana" kwa sauti ile ya kufukuza kuku. Sasa mama wa watu, asiyemjua hata kwa sura, anamwita binti na kumsogezea kigoda. Pindo alilisikia neno lile kwa maana moja tu, ya mtoto wa kike wa mtu. Akakaa na maana hiyo kwa miaka thelathini na moja.

Jina la Pindo alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona pindo za sketi za shule kwa mkono, sketi mia na ishirini, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Wateja nao wakalidaka. Bi Mkubwa peke yake hakulitumia. Kwake yeye Pindo alikuwa binti tangu siku ile ya kigoda.

Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa binti. Bi Mkubwa alikuwa na sheria zake za kuita watu, na alizifundisha pamoja na sheria za kupima kiuno. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni ni mama, hata kama ana miaka kumi na tisa. Mwenye mvi ni bibi, lakini ukiona amezipaka rangi, mwite mama na uangalie pembeni. Wengine wote waliobaki ni binti: mwanafunzi, mke wa mkubwa, muuza nyanya, hata wale wasichana wa baa ya jirani ambao mtaa mzima uliwaita kwa kazi yao. "Mrembo" alilipiga marufuku. "Dada" alisema ni neno la watu wanaotaka kuomba kitu.

"Na nikiwa na shaka?" Pindo aliuliza.

"Ukiwa na shaka, shuka. Hakuna mteja aliyewahi kununa kwa sababu umempunguzia miaka."

Wasichana wale wa baa walikuja kwake tu. Walipita mafundi wanne njiani kuja kuitwa binti.

Wiki haikuisha Pindo akawa ameielewa biashara ile, lakini moyo una ukaidi wake. Alijiambia kwamba wateja wanaitwa hivyo kwa ajili ya kazi, ila yeye anaitwa hivyo hata duka likishafungwa, wakati hakuna wa kumfurahisha. Kama si mtoto wake, kwa nini asingemwita Pindo kama wengine?

Nyuma ya duka kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na mtoto wa kike wa kumzaa mwenyewe. Alikuwa mmoja tu. Watatu waliotangulia walikufa wachanga, kila mmoja kabla ya kutimiza mwaka, na huyu wa mwisho akaitwa Kitinda. Alimzidi Pindo miaka miwili. Alikuwa na mabega mapana na mikono mizito isiyopenda sindano, na mama yake hakumsamehe mikono ile. Sauti iliyokuwa laini mbele ya pazia iligeuka msumeno nyuma yake. "Wewe, chai iko wapi? Wewe mtoto, huoni vumbi?" Siku akifurahi, na hazikuwa nyingi, alimwita mwanangu. Siku hizo Pindo alisikia neno lile kutoka kwenye cherehani yake, na mguu ukasimama juu ya pedali.

Kitinda aliondoka mwaka wa tano wa Pindo pale dukani, na aliondoka kwa sababu ya pasi. Aliambiwa apige pasi gauni la mteja, gauni la kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa, lililokuwa likisubiriwa pale pale. Akaiacha pasi ikae sekunde mbili zaidi. Alama ikabaki kifuani mwa gauni, ya kahawia, na ncha yake imechongoka. Dukani kulikuwa na wateja sita. Bi Mkubwa alilishika gauni, akaligeuza, kisha akamgeukia mwanawe na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kupaza:

"Mungu alinipa wanne. Akachukua watatu, akaniachia wewe."

Kisha akamgeukia mwenye gauni. "Samahani sana, binti. Nitakushonea lingine kwa mikono yangu. Keti upumue."

Asubuhi yake kitanda cha Kitinda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na mwenyewe hayupo. Bi Mkubwa alisimama mbele ya kitanda kile muda mrefu. Hakulia, au kama alilia hakuna aliyemwona. Baada ya mwezi alimwambia Pindo ahamishe vitu vyake kutoka kwenye chumba cha kupanga, alale pale, maana nyumba ikiachwa bila watu panya wanajitangazia uhuru. Pindo aliona aibu kwa jinsi moyo wake ulivyoruka. Alilalia shuka za mtu aliyefukuzwa na maneno, akalala usingizi wa pono.

Miaka ikaenda. Mafundi wengine waliolewa, walihama, walifungua maduka yao. Pindo alibaki. Seremala mmoja wa mtaa wa pili alimposa, mtu mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Alimwambia, "Yule mama hajakuzaa. Siku akifa utatolewa na mafagio."

Pindo alipomweleza Bi Mkubwa habari za posa, mama yule aliendelea kukata. Alikata mkono mzima wa koti kabla ya kujibu. "Sawa, binti. Ila sijui nani atanishikia kitambaa." Seremala alisubiri miaka miwili, kisha akaoa kwingine. Aliwatengenezea meza mpya ya kukatia, na hakurudi tena.

Ilipofika miaka sita kabla ya kifo chake, macho ya Bi Mkubwa yalianza kufifia. Siku moja mchana alichukua karatasi ya kukatia, ile ya kahawia, akaandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akamwita jirani wa upande wa kulia, na akamwita Mzee Vifungo, aliyekuwa akimletea nyuzi, zipu na vifungo kwa baiskeli tangu enzi za ujana wao. Wakatia sahihi. Pindo alikuwa mbele, akihudumia wateja. Aliambiwa tu kwamba kuna karatasi kwenye kabati, isiguswe.

Mzee Vifungo ndiye aliyeleta pia habari za Kitinda. Alikutana naye katika mji mwingine alikokwenda kuchukua mzigo. Alikuwa akipika kwenye jiko la shule, mabega yale yale, mnene kidogo, hana mume. Aliandika namba ya simu nyuma ya kadi ya vifungo na kusema, "Mpe mama. Akitaka kunipigia, apige." Mzee Vifungo alimkuta Bi Mkubwa amelala, akamwachia Pindo kadi.

Pindo aliitia ndani ya kopo la sindano. Alijiambia atampa mama akiamka. Mama aliamka, wakanywa chai, hakumpa. Alijiambia kesho. Ikafika mahali kadi ile ikawa imekaa sana kiasi kwamba kuitoa kungehitaji maelezo, na yeye hakuwa na maelezo. Mzee Vifungo alipouliza, "Ulimpa?" alijibu, "Nilimpa." Lilikuwa neno fupi na lilitoka bila kumkwaruza koo.

Ugonjwa ulikuja kwa miguu, kisha ukapanda. Mwaka wa mwisho Bi Mkubwa hakuweza kugeuka mwenyewe kitandani. Pindo alifunga duka saa sita kila siku ili amgeuze, amwoshe, ampake mafuta mgongoni ambako ngozi ilikuwa imeanza kuchanika, ambadilishie shuka zilizonuka. Alimlisha uji kwa kijiko cha chai. Wakati mwingine uji ulirudi wote. "Asante, binti," Bi Mkubwa alisema kila mara, hata alipokuwa hajui siku wala mwezi. Muuguzi wa zahanati aliyekuja kufunga vidonda aliitwa binti pia. Naye aliambiwa asante, na akakaribishwa kuketi apumue.

Siku nne kabla ya mwisho, mchana, jua likiwa limejaa dirishani, Bi Mkubwa alifumbua macho, akaunyosha mkono. Pindo akaushika.

"Mwanangu," alisema Bi Mkubwa. "Umerudi?"

Pindo alijua vizuri nani anaitwa. Kopo la sindano lilikuwa hatua tano kutoka pale, juu ya cherehani, na ndani yake mlikuwa na namba.

"Nimerudi, mama," alisema.

"Lile gauni," alisema Bi Mkubwa. Alitafuta maneno kwa muda, midomo ikisogea. "Lile gauni halikuwa kitu." Kisha akasinzia, na baada ya hapo hakusema tena jambo la maana.

Alizikwa siku ya Alhamisi. Mzee Vifungo, ambaye alikuwa na namba ile kwenye daftari lake, ndiye aliyempigia Kitinda, na Kitinda alifika siku mbili baada ya mazishi. Alikuwa na begi moja na alivaa koti la mvua ingawa kulikuwa kukavu. Alisimama mlangoni mwa duka akitazama mahali pazia lilipokuwa. Lilishaondolewa siku nyingi.

"Shikamoo," Pindo alisema, kwa kuwa hakujua la kusema.

"Tumepishana miaka miwili tu," Kitinda alijibu. "Usinizeeshe."

Karatasi ilitolewa kabatini mbele ya majirani. Mzee Vifungo aliisoma, akairudia. Ilikuwa na mstari mmoja: *Nyumba yangu, duka na vyote vilivyomo, apewe binti. Asisumbuliwe na mtu.* Chini sahihi tatu na tarehe.

Watu walitazamana. Kitinda aliichukua ile karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Alisoma neno lile moja, akapitisha kidole juu yake. "Ameniita binti," alisema polepole. Pindo, aliyekuwa amesimama karibu na kabati, alisema karibu wakati ule ule, "Ni mimi."

Ndivyo walivyofika mahakamani.

Kitinda alipata wakili, kijana mwenye tai nyembamba na kamusi chini ya kwapa. Pindo alisaidiwa na mama mmoja wa ofisi ya msaada wa kisheria, aliyemsikiliza nusu saa, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Unataka niseme alikulea kama mtoto wake," alisema yule mama.

"Ndiyo. Alinilea."

"Ukisema hivyo, tumekwisha. Mtoto wa kumzaa yuko hai, ana cheti cha kuzaliwa. Wewe una nini? Mimi nataka kinyume chake. Nataka ionekane kwamba neno binti, kinywani mwa marehemu, halikuwa na maana ya mtoto. Lilikuwa neno lake la heshima kwa wanawake vijana wa nje. Mtoto wake alimwita vingine. Basi aliyeandikwa ni wa nje, na wa nje aliyekuwa akiishi naye ni wewe."

Pindo alimtazama. "Kwa hiyo nikashinde kwa kusema sikuwa mwanawe."

"Nyumba unaitaka au huitaki?"

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Hakuwa na ndugu wa kumpokea, wala mtoto, na ufundi wote alionao ulikuwa umefungwa kwenye vyerehani vitatu vya marehemu. Alisema anaitaka.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni yake ikizunguka kwa uvivu. Hakimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso mwembamba, anayeandika kila neno kwa mkono wake. Wakili wa Kitinda alisimama na kufungua kamusi. Alisoma kwamba binti ni mtoto wa kike wa mtu.

"Endelea kusoma," alisema hakimu.

"Mheshimiwa?"

"Hapo hapajaisha. Naona kidole chako kimefunika."

Wakili akasogeza kidole. Maana ya pili ilikuwa mwanamke kijana, msichana. Watu wa nyuma wakacheka kidogo. Wakili hakuyumba. "Hata hivyo, Mheshimiwa, huyu mama anayebishana nasi ana mvi. Wosia uliandikwa miaka sita iliyopita, akiwa na arobaini na miwili. Je, mwanamke wa arobaini na miwili ni kijana?"

"Na mteja wako alikuwa na arobaini na minne," alisema hakimu.

"Mtoto wa mtu hazeeki, Mheshimiwa. Anayezeeka ni msichana."

Hakimu aliandika hilo. Pindo aliyesikia maneno yale akiwa kwenye benchi alijikuta amegusa nywele zake.

Akaitwa Mzee Vifungo. Alipanda kizimbani kwa shida, kofia mkononi. Hakimu alimuuliza kama marehemu alimtajia binti yupi.

"Hakunitajia, binti," alisema Mzee Vifungo.

Karani akaruka. "Mzee, huyu ni Mheshimiwa Hakimu. Huwezi kumwita binti."

"Samahani. Sikukusudia kumkosea."

"Mwache," alisema hakimu. Aliweka kalamu chini. "Mzee, umeniita binti. Mimi ni mtoto wako?"

"Hapana. Wewe sikujui hata kwenu."

"Basi kwa nini umeniita hivyo?"

Mzee alifikiri, akizungusha kofia. "Ni heshima tu. Mtu humjui, ni mwanamke, umri bado unamruhusu. Utamwita nani? Marehemu ndiye aliyetufundisha. Pale dukani kwake, binti lilikuwa la watu wa nje."

"Na mwanawe alikuwa akimwita nani?"

Mzee alimtazama Kitinda, kisha akatazama chini. "Hilo amuulizeni mwenyewe. Lilikuwa jambo la nyuma ya pazia."

Kitinda akasimama. Wakili wake alimshika mkono wa koti na kumnong'oneza jambo. Kitinda aliutoa mkono taratibu, akaenda kizimbani, akala kiapo. Mama wa msaada wa kisheria akauliza lile swali.

"Mama yako alikuwa akikuita nani?"

"Wewe," alisema Kitinda.

"Zaidi ya hapo?"

"Wewe mtoto. Akifurahi, mwanangu."

"Na binti?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu mwingine hai aliyelala nyuma ya pazia lile zaidi ya Pindo, na Pindo alikuwa upande wa pili wa kesi. Wakili alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Kitinda alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yake mizito, yenye makovu ya mafuta ya moto.

"Hata mara moja," alisema. "Miaka ishirini na minne nilikuwa pale nyuma nikimsikiliza anavyowaita watoto wa watu. Binti keti, binti upumue. Kila aliyeingia kutoka barabarani. Nilikuwa nafikiri, ningeingia kwa mlango wa mbele nikiwa nimejifunika uso, labda angenikaribisha. Niliposoma ile karatasi nilidhani mwishoni amenikaribisha. Lakini mnaniuliza kama aliwahi kuniita. Hakuwahi."

Wakili alifunga kamusi.

Pindo aliitwa wa mwisho. Akaulizwa aliitwaje, akasema binti. Akaulizwa kama wateja pia waliitwa hivyo, akasema wote. Kisha mama wa msaada wa kisheria akauliza swali walilokuwa wamepanga, akiliuliza upesi kama mtu anayechomoa mwiba.

"Je, marehemu aliwahi kukuita mwanangu?"

Macho ya Kitinda yalikuwa juu yake. Pindo alikumbuka mkono ule na jua lile dirishani. Alijua pia kwamba jibu lolote alilokuwa nalo lilikuwa na uongo ndani yake.

"Mimi, hapana," alisema. "Hakuwahi."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema neno halina maana moja, lina maana ya yule anayelisema, na ushahidi wa pande zote mbili ulionyesha kwamba marehemu alilitumia kwa wasio wake. Nyumba ikaenda kwa Pindo. Yule mama wa msaada wa kisheria alimpa mkono kwa furaha. Pindo alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani na kupewa nguo mpya. Sasa ilikuwa imeandikwa, ikapigwa muhuri, kwamba kwa miaka thelathini na moja aliishi pale kama mgeni aliyekaribishwa kuketi.

Kitinda alikuja nyumbani kesho yake kuchukua begi lake. Pindo alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Alimwandalia chai, akamwambia chumba cha nyuma ni chake akitaka, siku yoyote, maisha yote.

"Umeshinda," alisema Kitinda. "Usianze kugawa."

"Dada, kuna jambo. Mama alikuita."

Kitinda aliyekuwa akifunga zipu ya begi akaacha.

Pindo akamweleza: siku nne kabla, mchana, alivyofumbua macho, alivyosema mwanangu umerudi, alivyosema lile gauni halikuwa kitu. Alieleza yote, na sauti yake ilizidi kwenda chini. Kitinda alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa analia bila kuficha uso, mdomo wazi kidogo, kama wanavyolia watoto.

"Halikuwa kitu," alirudia. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nimerudi."

Kitinda alijifuta uso kwa kiganja. Pindo aliona wazo linavyomfikia, hatua kwa hatua. "Siku nne," alisema Kitinda. "Kutoka kule ni mwendo wa siku moja. Mzee Vifungo aliniambia mama alipewa namba yangu zamani. Nikasema kama hapigi, basi hanitaki. Nilikaa na hilo." Alimtazama. "Alipewa?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema alipewa. Marehemu asingebisha. Pindo alikwenda kwenye cherehani, akafungua kopo, akaleta kadi ya vifungo. Bado ilikuwa na vifungo vinne, na nyuma yake tarakimu zilizoanza kufifia. Akaiweka kitandani.

Kitinda hakumpiga. Pindo alikuwa amejiandaa kupigwa, na pengine ingekuwa nafuu. Kitinda alisoma namba yake mwenyewe, akasimama, akabeba begi. Alipofika mbele, kati ya meza ya kukatia na mlango, aligeuka.

"Ulitaka aniite nani, ukiwa umekalia kitanda changu?" aliuliza. Hakungoja kujibiwa. Pindo alimsikia akishuka ngazi za mbele, viatu vikigonga, kisha barabara ikammeza.

Mwezi ule Pindo alimtumia ujumbe mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa pili ulisema samahani tu, wa tatu ulisema chumba bado kipo. Haukujibiwa hata mmoja. Kabla mwaka haujaisha alijaribu kupiga, akaambiwa namba ile haipatikani. Mzee Vifungo alikwenda kuulizia kwenye ile shule, akaambiwa mpishi aliacha kazi, hakusema anakwenda wapi. Aliporudi alimweleza Pindo habari hizo akiwa amesimama nje, hakuingia. Kitinda alishamweleza habari za kadi. Tangu siku hiyo vifungo alivileta mjukuu wake.

Shule iliagiza sketi mia mbili mwanzoni mwa muhula. Pindo hakuwa na fundi wa kumsaidia, hivyo alikata, akaunga, akashona pindo zote mwenyewe, akifungua duka saa moja asubuhi na kula akiwa amesimama. Kwenye sketi ya mia na kitu sindano ilipita chini ya ukucha. Aliichomoa, akakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akaivuta sketi nyingine.